Rangi, Vumbi na Kutu: Mfano wa Gari la Kijeshi Hupewaje Umri Wake?

Askari yeyote aliyepata kushika ndoo na kitambaa usiku wa kuamkia ukaguzi wa magari anamjua adui wake. Adui huyo ni tope lililoganda chini ya madigadi, ni vumbi lililojibanza katika kila pembe ya boneti, ni mafuta yaliyotiririka na kuacha michirizi myeusi. Atayasugua hayo mpaka mikono iote sugu, kwa maana asubuhi afisa atapitisha kidole na kukitazama. Basi mtu huyo atastaajabu akiambiwa kwamba wapo watu wazima, wenye akili timamu, ambao huchukua gari jipya kabisa, safi kama sahani, wakakaa nalo wiki mbili wakilitia tope, vumbi, mafuta na kutu kwa mikono yao wenyewe, kidogo kidogo, kwa brashi yenye nywele chache. Nao wakiisha kulichafua hualika wenzao waje kulitazama.

Magari hayo ni mifano ya plastiki, ambayo hununuliwa yakiwa vipande vipande ndani ya boksi, yakaungwa kwa gundi na kupakwa rangi. Kipimo kinachopendwa zaidi kwa magari ya kivita ni cha moja kwa thelathini na tano, yaani gari halisi ni kubwa mara 35 kuliko mfano wake. Msomaji atadhani kipimo hicho kilitoka kwa wahandisi wa kijeshi. La hasha. Kilitokana na betri. Kampuni ya Tamiya ya mji wa Shizuoka, nchini Japani, ambayo ilianza mwaka 1946 kama kiwanda cha mbao, ilipotengeneza kifaru chake cha kwanza cha plastiki mwanzoni mwa miaka ya 1960, ilitaka kifaru hicho kitembee kwa mota. Ukubwa wa mwili wake ukaamuliwa na nafasi ya betri mbili zilizopaswa kuingia ndani. Kifaru kilipopimwa baadaye kilionekana kuwa karibu sehemu moja ya thelathini na tano ya Panther halisi ya Wajerumani, na tangu hapo viwanda vya dunia nzima vikafuata.

Wako watakaosema kwamba hayo ni michezo ya watoto. Tusiharakishe kuhukumu. Mwaka 1942 Jeshi la Majini la Marekani liliwaomba wanafunzi wa shule za sekondari za nchi hiyo watengeneze mifano 500,000 ya ndege, za kirafiki na za adui, ili marubani na wapiga mizinga wajifunze kuzitambua kwa umbo. Mifano hiyo ilikuwa ya kipimo cha moja kwa 72. Mfano wa namna hiyo ukitazamwa kutoka umbali wa mita 10 huonekana kama ndege halisi iliyo umbali wa mita 720, na mpiga mzinga ana nukta chache tu za kuamua kama afyatue au aache. Na hata sisi tuliopita katika shule za makadeti tumekaa miguu ikitufa ganzi kando ya sanduku la mchanga, tukisogeza vijigari vya mbao kutoka kilima hadi kilima, huku mkufunzi akituuliza ni nani aliyemwona mwenzake kwanza.

Lakini makala haya hayahusu kutambua magari. Yanahusu jambo gumu zaidi, nalo ni kulifanya gari dogo la plastiki liseme limetoka wapi.

Mwandishi wa makala haya alijifunza ugumu huo kwa aibu. Mfano wake wa kwanza wa maana ulikuwa Land Rover ndefu, ile ya inchi 109 kutoka ekseli ya mbele hadi ya nyuma, gari ambalo majeshi na polisi wa Afrika Mashariki wamelipanda kwa miongo mingi mpaka likawa kama ndugu wa ukoo. Nililipaka vizuri, kisha nikaamua kulizeesha. Nikachukua rangi nyekundu ya kahawia nikaitapakaza kutu kwenye madigadi, kwenye milango na kandokando ya boneti, mpaka gari likawa kama limeokolewa baharini. Nikaona nimefanya kazi ya ustadi. Siku hiyo akaja kunitembelea dereva mmoja mstaafu, mzee aliyeendesha Land Rover za jeshi ujana wake wote. Akalitazama kwa heshima, maana ni mtu wa adabu, kisha akauliza kwa upole kama afande ameshapata kuona Land Rover iliyooza mbavu. Nikanyamaza. Akasema Land Rover haiozi mbavu. Huoza miguu.

Maneno ya mzee yule ni sahihi kabisa, na sababu yake ni ya kihistoria. Land Rover ilipotolewa mara ya kwanza mwezi Aprili mwaka 1948, Uingereza ilikuwa imetoka vitani na chuma cha bati kilikuwa kikigawiwa kwa kibali. Watengenezaji wakatumia mchanganyiko wa alumini na magnesi kwa mabamba ya nje ya mwili, nao desturi hiyo wakaiendeleza kwa miaka mingi. Alumini haishiki kutu nyekundu. Rangi ikibanduka, kinachoonekana chini ni madini ya kijivu yenye kung'aa kidogo, ambayo baada ya muda hufifia. Lakini fremu ya chini, ile mafundi waiitayo chesisi, ni ya chuma. Ukuta unaotenga injini na chumba cha dereva ni wa chuma. Bampa ni la chuma. Hapo ndipo kutu inapokaa, na zaidi kwenye ncha za fremu na kwenye boriti ya nyuma ambako tope hujazana na kukaa na unyevu. Na pale alumini inapogusana na chuma, tena penye maji ya chumvi, hutokea jambo lingine: alumini huliwa na kutoa unga mweupe mithili ya chokaa. Fundi yeyote wa karakana ameukung'uta unga huo. Mimi nilikuwa nimeuona mara mia, lakini sikuwa nimeutazama.

Tangu siku hiyo nikajua kwamba kuchafua mfano si suala la kumwaga uchafu. Kila doa lina sababu yake. Anayeliweka bila kuijua sababu hiyo anasema uongo, na uongo wake utagunduliwa na mtu wa kwanza aliyelala chini ya gari hilo akiwa na spana mkononi.

Nikaamua kuanza upya. Safari hii nikachagua Land Rover ya aina yake, ambayo Tamiya waliitolea mfano katika miaka ya 1970 na ambayo bado hutafutwa na wapenzi wa kazi hii. Ni ile inayojulikana kwa jina la Pink Panther, gari la kikosi maalumu cha Uingereza cha SAS. Mwaka 1968 magari 72 ya inchi 109 yalifanyiwa mabadiliko na kampuni ya Marshall ya Cambridge kwa ajili ya doria za jangwani. Milango ikaondolewa, paa likaondolewa, yakawekwa matangi ya kuchukua petroli galoni 100 hivi, yaani lita zipatazo 450, ili gari liweze kwenda mbali bila kutegemea kituo. Yakafungwa bunduki za rashasha mbele na nyuma, mirija ya kurushia moshi, dira ya jua, na tairi la akiba likabebwa mbele. Kisha yakapakwa rangi ya waridi.

Hapo askari wengi hucheka. Gari la vita, rangi ya gauni la bibi harusi! Hata hivyo rangi hiyo haikuchaguliwa kwa mzaha. Jua linapochomoza na linapokuchwa, na hewa inapojaa vumbi, jangwa zima huwa na wekundu hafifu, na gari la waridi humezwa humo kuliko gari la kijani au la manjano. Wazo lenyewe lilikuwa la zamani. Katika Vita Kuu ya Pili baadhi ya ndege za Kiingereza za kupiga picha kutoka chini ya mawingu zilipakwa waridi hafifu. Na mwaka 1940 Lord Mountbatten, akiwa na manowari zake akilinda msafara wa meli, aliona meli moja ikitoweka machoni mapema kuliko nyingine jioni ilipoingia. Ilikuwa meli ya kampuni ya Union-Castle ambayo bado ilikuwa na rangi yake ya siku za amani, ya kijivu chenye zambarau. Wazee wa Mombasa, Unguja na Dar es Salaam waliozoea kuziona meli za kampuni hiyo zikitia nanga wataikumbuka rangi ile. Mountbatten akaamuru manowari zake zipakwe rangi inayokaribiana nayo, ingawa mabaharia hawakuafikiana kama iliwafaa kweli.

Sasa tuingie katika kazi yenyewe.

Kwanza vipande vyote vioshwe kwa maji ya vuguvugu na sabuni, maana hutoka kiwandani vikiwa na mafuta ya kalibu, na rangi haishiki penye mafuta. Vikaushwe kivulini. Kisha gari liungwe, lakini si lote. Gari lisilo na mlango wala paa huonekana ndani kama chumba kilichofunguliwa madirisha, kwa hiyo viti, usukani, sakafu na matangi yapakwe kabla hayajazingirwa. Magurudumu, jerikeni, bunduki na mizigo vipakwe pembeni, kila kimoja kimechomekwa kwenye kijiti cha kuchokolea meno.

Baada ya hapo hupakwa rangi ya msingi ya kijivu, nyembamba sana. Wembamba huu ndio unaowashinda wengi. Katika kipimo hiki kichwa cha ribiti hakifiki nusu milimita, na tabaka moja nene la rangi hukizika kama kaburi. Anayemudu bomba dogo la hewa la kupulizia rangi atafanya kazi nzuri zaidi, lakini brashi bapa na subira vinatosha. Rangi izimuliwe, ipakwe, ingojewe ikauke, ipakwe tena. Tabaka tatu nyembamba hushinda moja nene. Dirisha liwe wazi na sigara iwe mbali, kwa kuwa tapentaini na dawa nyingine za kuzimulia zinashika moto upesi, na mvuke wake unaumiza kichwa.

Magari yale hayakuzaliwa na waridi. Yalitoka kiwandani yakiwa na kijani kizito cha jeshi la Uingereza, na waridi ikaja juu yake. Kwa hiyo penye mikwaruzo midogo kinachochungulia ni kijani, na penye mikwaruzo mikubwa ni alumini. Nalo gari dogo tulijenge kwa utaratibu huo huo. Likishakauka rangi ya msingi, lipakwe kijani lote. Kijani kikikauka kilindwe kwa vanishi. Juu ya vanishi kipulizwe kitu ambacho hakiuzwi katika duka la rangi wala la silaha, nacho ni dawa ya kupulizia nywele ya akina mama. Nakiri kwamba kopo la kwanza nililitwaa bila idhini, na maswali niliyoulizwa nyumbani kuhusu matumizi yake yalikuwa makali kuliko ya baraza la uchunguzi.

Dawa hiyo ikishakauka, gari lipakwe rangi ya waridi ya akriliki, ile inayochanganywa na maji. Baada ya dakika ishirini au nusu saa chukua brashi ngumu iliyokatwa fupi, ichovye katika maji safi, ulowanishe mahali unapotaka rangi itoke, usugue taratibu. Maji hupenya, dawa ya nywele iliyo chini huyeyuka, na waridi hubanduka vipande vidogo visivyo na umbo maalumu, kijani kikatokeza. Hakuna mkono wa mchoraji unaoweza kuiga ubandukaji huo kwa brashi, kwa sababu huu hauchorwi, unatokea wenyewe.

Hapa ndipo akili ya askari inapohitajika kuliko mkono wa fundi. Isuguliwe wapi? Jiulize watu waliishi vipi ndani ya gari hili kwa siku ishirini. Dereva aliingia na kutoka mara ngapi, akikanyaga wapi? Mpiga rashasha alipanda nyuma kwa kuegemeza goti mahali gani? Jerikeni zilitolewa na kurudishwa kila jioni, nazo zikasugua kingo za vishikizo vyake. Mabamba ya chuma ya kunasulia gari mchangani yalifungwa ubavuni, yakatetemeka njia nzima na kula rangi pale pale yalipogusa. Boneti ilifunguliwa kila alfajiri kukagua maji na mafuta, na vidole vilishika ukingo mmoja daima. Penginepo, katikati ya bamba ambapo hakuna aliyegusa, rangi ibaki salama. Wanaoanza hutapakaza mikwaruzo kila mahali kwa usawa kama upele wa tetekuwanga. Gari halichubuki kwa haki. Huchubuka penye kazi.

Ukubwa nao uchungwe. Mkwaruzo wa milimita moja katika mfano ni mkwaruzo wa sentimeta tatu na nusu katika gari halisi. Ukipaka tope lenye unene wa milimita tatu umelibandika gari hilo donge la zaidi ya sentimeta kumi, na lazima uwe na maelezo ya donge hilo.

Waridi yenyewe isiwe kali. Jua la jangwani huila rangi upesi, hata gari likabaki na weupe wa mchanga juu ya boneti na waridi iliyokoza zaidi penye kivuli. Tena kitu kidogo kinachotazamwa kwa karibu huonekana cheusi kuliko kitu kikubwa kinachotazamwa kwa mbali, kwa hiyo mafundi huongeza rangi nyeupe kidogo katika kila rangi ya mwili. Ili kupata kupauka kusiko sawa, chukua rangi za mafuta wanazotumia wachoraji wa picha, nyeupe, ya manjano na ya kahawia, utie vidoa vidogo kama kichwa cha pini juu ya bamba. Kisha brashi safi iliyoloweshwa tapentaini kidogo iviburure kuelekea chini, kama mvua inavyoteremka, mpaka vidoa vipotee na kubaki kivuli tu cha rangi. Kazi hii haifanywi juu ya akriliki tupu. Vanishi itangulie.

Kisha huja hatua ambayo humtoa mtu machozi ya furaha mara ya kwanza. Rangi ya mafuta ya kahawia iliyoiva huyeyushwa katika tapentaini mpaka iwe nyepesi kama chai ya rangi. Ncha ya brashi nyembamba ikichovya humo na kugusa tu pembeni mwa ribiti au penye kiungo cha mabamba mawili, rangi hukimbia yenyewe ikafuata mfereji na kuzunguka kichwa cha ribiti. Mara moja vitu vilivyokuwa havionekani vinasimama. Wengi hutumia nyeusi, nami nawashauri waiache. Gari la jangwani halina nyeusi isipokuwa penye moshi na penye mafuta.

Penye matundu ya kutilia petroli weka alama za kumwagika. Petroli humwagika, vumbi hushika pale palipolowa, petroli ikikauka hubaki duara la vumbi lenye ukingo. Siku ya pili humwagika tena juu ya lile la kwanza. Kwa hiyo doa moja halitoshi. Weka la zamani lililopauka, na la leo lenye kung'aa.

Matairi yasiwe meusi. Ukitaka ushahidi nenda karakana ukayatazame. Ni ya kijivu chenye kahawia, na kashata zinazogusa ardhi ni nyeusi kidogo kwa kuwa husuguliwa, ilhali mifereji iliyo kati yake imejaa udongo. Kutu sasa ipate haki yake, na iwekwe chini: kwenye bampa lililogongwa, kwenye fremu, kwenye springi za majani, kwenye bomba la moshi ambalo huwa la kahawia ya machungwa karibu na injini na nyeusi mdomoni.

Vumbi ni la mwisho. Huuzwa unga laini wa rangi za udongo, na asiye nao anaweza kusaga chaki za wachoraji kwa msasa. Unga hupangwa kwa brashi kavu, ukashikizwa kwa tone la tapentaini linaloachwa likauke lenyewe. Jambo la kuchunga ni kwamba vanishi ya kufifisha mng'ao ipulizwe kabla ya unga na si baada yake, la sivyo vumbi lote hunywa vanishi na kutoweka, kazi ya siku tatu ikapotea kwa pumzi moja. Nimepotewa namna hiyo mara mbili, kwa hiyo naandika kwa uchungu.

Lakini vumbi gani? Hapa tena mtu hana budi kuamua gari lake liko wapi na ni mwezi gani. Land Rover hizi zilitumika katika nchi za Ghuba, na wapenzi wengi wa mifano huziweka Oman, ambako SAS walipigana katika vita vya Dhofar kati ya mwaka 1970 na 1976. Watu wengi wakisikia Oman hufikiri mchanga tu. Kumbe milima iliyo nyuma ya mji wa Salalah hupigwa kila mwaka, Juni hadi Septemba, na upepo ule ule ambao mabaharia wa pwani yetu huuita kusi. Huko huleta ukungu na manyunyu, majani yakaota, njia zikateleza, na gari likatoka na tope la kahawia hadi kiunoni. Vuka mgongo wa milima hiyo uende kaskazini, nawe uko katika ukavu mtupu unaoelekea Rub' al-Khali, penye vumbi jepesi la rangi ya maziwa. Magari mawili ya kikosi kimoja, mwezi mmoja, yangeweza kurudi na nyuso mbili tofauti. Mwenye mfano anayechanganya tope la mlimani na vumbi la jangwani atuambie gari lake lilipita njia ipi. Inawezekana, lakini basi tope liwe limekauka chini na vumbi liwe juu yake, kwa kuwa ndio utaratibu wa safari.

Mizigo niliitengeneza kwa vitu vya nyumbani. Wavu wa kujificha ni kitambaa cha bandeji kilicholoweshwa gundi nyeupe na maji. Mablanketi ni karatasi laini iliyokunjwa na kupakwa rangi. Kamba ni uzi. Na mizigo ifungwe kama askari anavyofunga, kile kitakachotakiwa usiku kiwe juu. Wapo mafundi mashuhuri waliofanya elimu ya mambo haya, kama Shepard Paine wa Marekani, ambaye kitabu chake cha mwaka 1980 kuhusu ujenzi wa mandhari ndogo kiliwafundisha wengi, na François Verlinden wa Ubelgiji. Ukitazama kazi za watu wa namna hiyo utaona kwamba ustadi wao mkubwa uko katika kukumbuka, hata kabla ya kushika brashi.

Mfano wa pili ulinichukua majuma matano, nikifanya kazi saa za usiku baada ya zamu. Ulipokwisha nilimwita yule mzee dereva. Hakulitazama gari kutoka juu kama wageni wanavyofanya. Aliliinua kwa vidole viwili, akaligeuza, akaangalia chini kwanza. Akatazama fremu, akatazama boriti ya nyuma, akanyamaza kwa muda. Kisha akaligeuza tena, akaonyesha kwa ukucha sehemu ya sakafu iliyo mbele ya kiti cha kulia, ambapo nilikuwa nimeweka vumbi sawasawa na upande wa pili. Akasema hapo hapawezi kuwa na vumbi zito, maana mguu wa dereva haupumziki, na kisigino cha kulia hula rangi mpaka kwenye madini. Nikamletea brashi yenye maji. Akapafuta mwenyewe, mkono ukimtetemeka kidogo kwa uzee, akaacha alama ya kisigino isiyozidi punje ya mtama.

Nikamuuliza kama sasa limekamilika. Akaligeuza mara ya tatu, akaniuliza mbona ekseli ya nyuma ni kavu. Katika miaka yake yote kazini, alisema, hakupata kuendesha Land Rover isiyovuja mafuta hapo. Tukatia tone usiku ule ule, na chini yake, juu ya kibao chenye mchanga, tukatia jingine.